JOSHO NI KIWANDA KIDOGO: TUJIFUNZE KUILINDA SUMU

Wilaya ya Kongwa inajulikana kwa ng'ombe, mahindi, mtama na alizeti. Haijulikani kwa viwanda vya kemikali. Mtu akitaja kiwanda cha kemikali, sisi hufikiri mambo ya mbali. Tunafikiri matangi makubwa, mabomba marefu na moshi wa mijini. Kwa hiyo hatujisumbui. Tunasema, "Hayo ni mambo ya Dar es Salaam."

Lakini tutazame vizuri. Josho la mifugo ni hodhi lenye maelfu ya lita za maji ya sumu. Ghala la nafaka lina dawa ya kuua wadudu. Barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Dodoma inapita Pandambili, Kibaigwa na Mbande. Malori ya mafuta hupita hapo usiku na mchana. Je, hizo si kemikali?

Kiwanda ni nini? Ni mahali ambapo watu huingiza vitu, huvichanganya kwa kipimo, na kupata matokeo wanayoyataka. Josho ni hivyo hivyo. Tunaingiza maji na dawa. Tunachanganya kwa kipimo. Tunapata ng'ombe wasio na kupe. Basi josho ni kiwanda kidogo, na mwenye kiwanda ni kijiji. Mwenye kiwanda ana wajibu wa kuilinda sumu yake.

HATUWEZI KUACHA KUOGESHA

Kwanza tukubaliane jambo moja. Hatusemi kwamba dawa ziachwe zote. Kupe huleta ndigana kali, na ndigana kali huua ng'ombe na ndama wengi. Mfugaji asiyeogesha anaweza kupoteza kundi lake. Ng'ombe ndiye chakula chetu, mahari yetu na akiba yetu. Ndiye ada ya shule ya watoto.

Kwa hiyo tunaihitaji dawa. Lakini dawa inayoua kupe inaweza pia kumuua ng'ombe, kuku, nyuki, samaki na mtu. Kinachotofautisha ni kipimo na ulinzi. Kazi yetu ni kuiacha dawa ifanye kazi yake ndani ya hodhi, na kuizuia isitoke nje.

USIKU WA BHOPAL

Tujifunze kwa wenzetu wa mbali. Katika nchi ya India kuna mji uitwao Bhopal. Hapo palikuwa na kiwanda cha kampuni ya Union Carbide. Kiwanda kilitengeneza dawa ya kuua wadudu wa mazao. Katika kuitengeneza, walitumia kemikali moja kali sana. Waliihifadhi nyingi katika matangi ya chuma. Nje ya ukuta wa kiwanda waliishi maelfu ya watu maskini.

Kemikali hiyo haipatani na maji. Ikikutana na maji huchemka, hutoa joto kali na kugeuka gesi ya sumu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, maji yaliingia katika tangi moja. Kemikali ikachemka. Tani 40 hivi za gesi zikatoka na kutambaa juu ya mji. Watu walikuwa wamelala. Waliamka macho yakiwaka na vifua vimebana. Wengi walikimbia kufuata upepo uliobeba sumu.

Maelfu walikufa. Serikali ya jimbo lile ilithibitisha vifo 3,787. Makadirio mengine ni makubwa zaidi kuliko hayo. Watu zaidi ya 500,000 walivuta gesi hiyo. Wengi waliishi na maradhi ya macho na mapafu miaka yote iliyofuata.

Je, kiwanda hakikuwa na kinga? Kilikuwa nazo. Kulikuwa na mtambo wa kuipoza kemikali ili isichemke. Lakini ulikuwa umezimwa miezi kadhaa kabla. Kulikuwa na mnara wa kuichoma gesi kabla haijafika kwa watu. Lakini kipande cha bomba lake kilikuwa kimeondolewa, kikingoja matengenezo. Kulikuwa na mtambo wa kuisafisha gesi. Lakini haukuweza kuizuia gesi nyingi kiasi kile. Kulikuwa na king'ora. Lakini wananchi hawakuwa wamefundishwa la kufanya. Hakuna aliyewaambia kwamba kitambaa kilicholowa maji, kikifunika pua na mdomo, kingewasaidia.

Tena dalili zilikuwapo. Mwaka 1981 mfanyakazi mmoja wa kiwanda hicho aliuawa na gesi nyingine. Mwandishi wa habari wa mji ule, Rajkumar Keswani, aliandika magazetini kwamba hatari inakuja. Alianza kuandika mwaka 1982. Wakubwa hawakumsikiliza.

UKUTA WA MIIBA

Bhopal inatufundisha nini? Inatufundisha jambo ambalo mfugaji wa Kongwa analijua tangu utoto.

Fikiria zizi la mbuzi. Fisi yuko nje. Mfugaji mwenye busara hategemei ukuta mmoja wa miiba. Anaweka miiba nje. Anaweka miti imara ndani. Anafunga mlango. Anafuga mbwa. Miiba ikiwa na tundu, miti itamzuia fisi. Mti mmoja ukioza, mbwa atabweka.

Sasa fikiria uvivu ukiingia. Wiki hii tundu la miiba halikuzibwa. Wiki ijayo mti umeoza, umeachwa. Mbwa amekufa, hakutafutwa mwingine. Kila siku fisi hakuja. Mwenye zizi anasema, "Mbona hakuna lolote?" Siku moja usiku fisi anakuja, na matundu yote yako wazi kwa pamoja.

Ndivyo ilivyokuwa Bhopal. Ndivyo zinavyotokea ajali nyingi kubwa za viwandani. Ajali kubwa haitokani na kosa moja tu. Hutokana na kinga nyingi zilizoachwa kidogo kidogo, mpaka hakuna hata moja iliyobaki. Wazee walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

KINGA ZA JOSHO

Sasa turudi nyumbani. Tulitazame josho letu, kinga moja baada ya nyingine.

Mahali lilipojengwa. Josho liwe mbali na kisima, mbali na korongo na mbali na nyumba. Hapa kwetu jambo hili ni kubwa. Makorongo yetu hukauka kiangazi, na watu huchimba visima katika mchanga wa korongo. Sumu ikiingia katika korongo wakati wa masika, haiendi mbali tu. Inaweza kuzama katika mchanga ule ule tutakaochota maji ya kunywa.

Paa na mtaro. Mvua za Kongwa ni za msimu mmoja, na zikija huja kwa nguvu. Josho lisilo na paa hujaa maji ya mvua. Kwanza dawa inakuwa pungufu. Kisha hodhi linafurika na sumu inatoka. Mtaro wa kuzunguka josho huyazuia maji ya mlimani yasiingie.

Kidimbwi cha kuoshea miguu. Ng'ombe hupita hapo kabla ya kutumbukia. Wengine hudhani ni mapambo. Sivyo. Matope na mavi yakiingia katika hodhi hunasa dawa na kuipunguza nguvu.

Zizi la kuchuruzia. Ng'ombe akitoka katika hodhi husimama kwenye sakafu ya saruji. Maji yanayochuruzika hurudi hodhini kwa mfereji. Sakafu ikipasuka, sumu huingia ardhini. Ng'ombe wakiachwa waende upesi, sumu hudondoka njiani na malishoni.

Uzio na mlango. Josho ni shimo refu lenye maji. Mtoto anaweza kutumbukia. Mbuzi mwenye kiu anaweza kunywa. Uzio uliovunjwa kwa ajili ya kuni ni kinga iliyokufa.

Kipimo. Hapa ndipo kusoma na kuhesabu kunapookoa maisha. Tutoe mfano. Karatasi ya chupa inasema lita 1 ya dawa iingie katika lita 1,000 za maji. Hodhi letu lina lita 15,000. Basi tunahitaji lita 15 za dawa. Mtu akiweka lita 10 ili kuokoa fedha, kupe hawafi wote. Wanaobaki ni wale wenye nguvu. Hao huzaa, na kizazi chao huizoea dawa. Mtu akiweka lita 30 ili "iwe kali," ng'ombe wanaweza kudhurika, na waogeshaji pia.

Kumbuka jambo jingine. Maji ya hodhi yanapopungua, dawa nayo hupungua. Ngozi ya ng'ombe hubeba dawa nyingi kuliko maji. Kwa hiyo kuongeza maji matupu ni kosa. Fuata maelezo ya kuongezea yaliyoandikwa katika karatasi ya dawa hiyo. Kila dawa ina maelezo yake. Usichanganye dawa mbili. Sampuli ya maji ya josho inaweza kupelekwa maabara kupimwa nguvu yake. Muulizeni afisa mifugo.

Ng'ombe wenyewe. Wanyweshe maji kwanza, wapumzike, ndipo waingie. Ng'ombe mwenye kiu hunywa maji ya josho. Baada ya kuogesha, soma siku za kungoja kabla ya kuchinja au kutumia maziwa.

Mtu anayefanya kazi. Avae buti za mpira, glovu na nguo ndefu. Asile, asivute sigara wala asitafune kitu akiwa kazini. Akimaliza aoge kwa sabuni. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

DUMU TUPU SI TUPU

Dawa imekwisha. Dumu limebaki. Ni zuri, lina mfuniko, halivuji. Mama anahitaji dumu la maji. Kijana anahitaji dumu la mafuta ya alizeti. Mwenye kilabu anahitaji chombo cha pombe. Hapa ndipo sumu inapopata njia ya kuingia jikoni.

Dumu la dawa si tupu hata likionekana tupu. Sumu imebaki katika kuta zake na katika mfuniko. Lisuuzwe mara tatu papo hapo, kabla dawa haijakauka. Maji ya kusuuzia yamwagwe ndani ya josho au ndani ya pampu ya kunyunyizia, yasimwagwe chini. Kisha dumu litobolewe ili lisiweze kutumika tena. Liwekwe mahali palipofungwa mpaka mtaalamu aelekeze lipelekwe wapi. Tusilichome moto ovyo, maana moshi wake nao ni sumu.

Kosa jingine ni kuipunguza dawa na kuitia katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto hajui kusoma. Anajua chupa ya soda. Mtu mzima mwenye kiu gizani naye anaijua. Dawa ikae katika chombo chake, na karatasi yake iwe juu yake, siku zote.

DAWA ZA GHALA

Miaka ya 1970 mdudu mgeni aliingia Tanzania akatoboa mahindi vibaya sana. Alionekana kwanza sehemu za Tabora. Watu walimwita dumuzi, na wengine wakamwita Skania. Tangu hapo wakulima wengi hutumia dawa katika vihenge na maghala.

Dawa ya unga ina hatari yake. Usiichanganye na mikono mitupu. Usiiweke karibu na unga wa ugali. Soma siku za kungoja kabla ya kula nafaka hiyo.

Lakini hatari kubwa zaidi ni vidonge vya kufukizia ghala. Vidonge hivi vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi iitwayo fosfini. Gesi hii huua dumuzi ndani ya punje. Huua pia mtu aliyelala katika chumba hicho, hata katika chumba cha pili, kwa kuwa hupenya nyufa. Wengine husema inanuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza. Usiitegemee pua. Unaweza kudhurika kabla hujaisikia harufu.

Kwa hiyo sheria ni moja: vidonge vya gesi visitumike kamwe katika nyumba wanamolala watu. Hata gunia moja chini ya kitanda, hapana. Kazi hiyo ni ya mtu aliyefundishwa, katika ghala lililofungwa vizuri, lenye tangazo mlangoni.

Je, kuna njia isiyo na sumu? Iko. Kuna mifuko isiyopitisha hewa. Nafaka ikaushwe vizuri, itiwe ndani, mfuko ufungwe kabisa. Wadudu waliomo humaliza hewa na kufa. Hapo hatuhitaji dawa. Sumu isiyokuwamo nyumbani haiwezi kumwagika.

GHALA LA VIKUGE

Tusome habari ya hapa hapa nchini. Vikuge iko Kibaha, katika Mkoa wa Pwani. Mwaka 1986 shamba la serikali la hapo lilipelekewa dawa za kuua wadudu, msaada kutoka Ugiriki. Baadhi ya dawa hizo zilikuwa zimepita muda wake. Ziliwekwa katika banda. Banda likabomoka. Dawa zikamwagika.

Baadaye mabaki yaliyoonekana kwa macho yaliondolewa. Watu wangeweza kusema mambo yamekwisha. Lakini wataalamu walipima udongo na maji, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Udongo wa juu ulikuwa na DDT hadi asilimia 28. Yaani katika kilo 100 za udongo wa namna hiyo, kilo 28 ni DDT na masalia yake. Sumu ilikuwa imeshuka ardhini hadi nusu mita. Ilikutwa katika maji ya kisima pia.

Vikuge inatufundisha mambo mawili. Kwanza, usipokee wala kununua sumu usiyoihitaji, hata ukipewa bure. Pili, sumu ikimwagika, kufagia si kuimaliza.

LORI LIKIPINDUKA

Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro. Petroli ilimwagika. Watu walikimbilia kuchota kwa madumu na ndoo. Moto ukalipuka. Waliokufa walizidi 100. Wengi wao walikuwa vijana.

Msiba huo haukuwa wa kwanza Afrika Mashariki. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachang'wan karibu na Molo, nchini Kenya, zaidi ya watu 100 walikufa kwa namna hiyo hiyo. Tarehe 2 Julai 2010 katika mji wa Sange, Kivu ya Kusini, nchini Kongo, zaidi ya 200 walikufa.

Barabara ile ile ya Morogoro inapita katika wilaya yetu. Lori linaweza kupinduka Kibaigwa siku ya soko la mahindi, watu wakiwa wengi. Tujiulize leo, si siku hiyo: tutafanya nini?

Kwanza tujue petroli inavyofanya. Petroli hutoa mvuke usioonekana. Mvuke huu ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kama maji, hufuata mitaro na mabonde. Unaweza kufika mbali na lori. Cheche moja inatosha. Cheche ya sigara, ya pikipiki, ya betri, au ya jiko la mama lishe. Moto ukiwaka hurudi mpaka penye lori kwa kufumba na kufumbua. Aliye katikati hana pa kukimbilia.

Kwa hiyo lori likipinduka:

Ondokeni. Kaeni angalau mita 300 mbali, upande upepo unakotoka. Kama lori limeshika moto, mita 800.

Zimeni majiko. Msiwashe pikipiki wala gari karibu na hapo.

Simamisheni magari ya pande zote mbili kwa mbali.

Pigeni simu 114 kwa Zimamoto, au 112 kwa Polisi.

Mtu yeyote asichote mafuta. Hata lita moja. Bei ya dumu moja la petroli inajulikana. Je, bei ya mtoto ni kiasi gani?

JINSI YA KUFIKIRI JUU YA HATARI

Wazee wetu wa Kongwa waliona mfano mkubwa wa watu walioanza kazi bila kuuliza vizuri. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta hapa Kongwa kulima karanga. Hawakuchunguza vya kutosha mvua wala udongo wetu. Mvua ikakosekana. Udongo ukakauka ukawa mgumu kama tofali, karanga hazikung'oleka. Mamilioni ya pauni yakapotea, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Wangeuliza kwanza, wenyeji wangewaambia.

Sisi tuulize kwanza. Maswali ni matatu. Kitu gani kinaweza kuharibika? Kikiharibika, nani ataumia, na wangapi? Tumeweka nini kukizuia?

Jambo baya linalotokea mara chache tusilidharau. Lori halipinduki kila wiki. Lakini likipinduka linaweza kuua watu 100 kwa mara moja. Hatari kubwa ya mara chache inahitaji matayarisho kama hatari ndogo ya kila siku.

Tukishajua hatari, tunapanda ngazi hii ya kinga. Anza juu.

1. Iondoe. Je, tunaweza kufanya kazi bila sumu hiyo? Kwa mfano, mfuko usiopitisha hewa.

2. Ipunguze. Nunua dawa ya msimu mmoja tu. Ikiwezekana chagua isiyo kali sana. Tazama mstari wa rangi katika karatasi ya dawa. Nyekundu ni sumu kali sana. Manjano inafuata. Kisha buluu. Kijani ndiyo ndogo kuliko zote, lakini nayo si ya kuchezea.

3. Ifungie. Ghala lenye kufuli, uzio, paa, mtaro, sakafu isiyopasuka.

4. Fundisha na andika. Watu wajue kanuni, na kanuni ziandikwe ukutani.

5. Vaa kinga. Glovu, buti na kitambaa cha uso au barakoa.

Watu wengi huanza namba 5 na kuishia hapo. Hilo ni kosa. Glovu hutoboka. Mtu huchoka, husahau. Kinga ya kwanza ni ile isiyotegemea kumbukumbu ya mtu aliyechoka.

DAFTARI LA NUSURA

Kila kamati ya josho iwe na daftari. Siku ya kuogesha iandikwe tarehe, idadi ya ng'ombe, dawa iliyotiwa na kina cha maji. Mwandishi atie sahihi. Hili ni jambo dogo, lakini josho lisilo na daftari ni kama duka lisilo na hesabu.

Katika daftari hilo iwepo kurasa ya nusura. Nusura ni ajali iliyokaribia kutokea. Mtoto aliteleza kando ya hodhi akashikwa mkono. Andika. Kufuli la ghala lilikutwa wazi. Andika. Mama mmoja alikutwa akiosha dumu la dawa. Andika. Kisha kamati ikae, iulize ni kinga gani iliyokosekana, na iirudishe wiki hiyo hiyo.

Anayetoa habari ya nusura asigombezwe wala asitozwe faini. Akigombezwa, kesho atanyamaza, na wengine wote watanyamaza. Kijiji kilichonyamaza hakijui matundu ya zizi lake.

MTU AKIDHURIKA

Dalili za sumu nyingi za wadudu na kupe ni kutoka jasho na mate mengi, kutapika, macho kuona giza, misuli kutetemeka na kupumua kwa shida. Fanya hivi:

Mtoe mgonjwa mahali penye sumu, lakini wewe mwenyewe usidhurike. Kama ni gesi ndani ya ghala, usiingie ovyo. Waokoaji wengi wamekufa hivyo.

Mvue nguo zilizolowa dawa. Mwoshe kwa maji mengi na sabuni. Kama imeingia machoni, mwoshe macho kwa maji safi kwa dakika 15.

Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta.

Mpeleke zahanati au hospitali upesi. Chukua karatasi ya dawa au chombo chake. Mganga akijua jina la dawa, atajua tiba yake.

TUFANYE NINI MWEZI HUU?

Ndugu wasomaji, nyinyi mmejifunza kusoma. Karatasi ya dawa ina maandishi madogo, na wengine kijijini bado hawawezi kuyasoma. Wasomeeni. Siku ya kuogesha, mmoja asome kwa sauti kabla dumu halijafunguliwa. Penye neno gumu, muulizeni afisa mifugo au afisa kilimo. Karatasi ikiwa ya lugha msiyoijua, msifungue dumu mpaka mmepata wa kuwaeleza.

Kisha mkutano wa kijiji ulitembelee josho. Watu watembee wakizunguka, watazame paa, uzio, sakafu, mtaro na ghala. Kila tundu lipewe mtu wa kuliziba, na siku ya kumaliza.

Saruji ya kuziba ufa ina gharama. Kufuli lina gharama. Lakini kisima cha mchangani kikiingia sumu, tutapata wapi kingine? Tahadhari kabla ya hatari.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Josho letu lina kinga ngapi? Ni zipi zimeharibika?

2. Hodhi lina lita 12,000. Karatasi inasema lita 1 ya dawa kwa lita 1,000 za maji. Tunahitaji lita ngapi za dawa?

3. Madumu matupu ya dawa yako wapi hivi sasa katika kijiji chetu? Yanatumika kwa kazi gani?

4. Lori la mafuta likipinduka saa nane usiku, nani atapiga simu? Nani atawazuia watu wasiende kuchota?

5. Ni nusura gani tuliyoiona mwaka huu na hatukuisema?